Mkulima Anauliza, Nani Analipia Jibu?

Machi 2024, mashamba ya Trans Nzoia na Bungoma, magharibi mwa Kenya, yakiwa yamelimwa yanangoja mvua, habari zilienea kwamba baadhi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyopitia maghala ya Bodi ya Nafaka, NCPB, haikuwa na mbolea bali vitu kama mchanga. Wanahabari wa upekuzi wa Africa Uncensored ndio walioichimbua habari hiyo. Serikali ilikana kwanza, halafu ikakubali na kuahidi fidia. Mwezi Mei Bunge la Taifa likapiga kura ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ingawa kamati teule ilimwondolea lawama siku chache baadaye. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa unauzwa shilingi 2,500. Lakini hasara ya mwenye ekari mbili kule Kwanza au Tongaren haikuwa hizo 2,500 tu. Ilikuwa msimu mzima, kwa sababu mahindi yaliyopandiwa mchanga hayangoji kesi iishe.

Mimi mambo ya waziri nawaachia wengine. Kinachonishughulisha ni siku zilizopita kati ya mkulima wa kwanza kuushuku mfuko wake na serikali kukiri. Siku kama hizo mkulima hakimbilii ofisi. Anapiga picha ya mfuko, anairusha kwenye kundi lao la mtandaoni, na kuuliza kama yuko mwenzake aliyekuta kitu kama hicho. Majibu kumi yakija kutoka Kiminini, Endebess na Kimilili, tayari kuna ushahidi ambao mtu mmoja asingeweza kuupata akiwa peke yake. Sasa tuseme kundi hilo linaendeshwa kwa tangazo la muuza mbolea. Hakuna haja ya mtu kumpigia admini simu ya vitisho. Admini mwenyewe, akikumbuka malipo ya mwezi ujao, atasema tusikimbilie kulaumu, atawaomba wenye malalamiko wamwandikie kando, na picha itazama chini ya salamu za asubuhi.

Watu wengi wanaosema hawataki matangazo kwenye makundi yao huwa wanalalamikia kero: picha nyingi, bando linaisha, macho yanachoka. Hilo ni jambo dogo. Huku kwetu sababu ni nzito zaidi. Mwenye pesa ya kutangaza kwa wakulima ni yule yule anayeuza kitu ambacho mkulima anakiulizia. Na hatoki mbali. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu chotara ya mahindi H611 ilitoka katika kituo cha utafiti cha hapo hapo Kitale mwaka 1964. Nusu ya mji ina ndugu, jirani au mteja katika biashara ya pembejeo. Duka la agroveti ndilo daktari wa mazao, ndilo mkopeshaji, na mara nyingi ndilo mfadhili wa jezi za timu ya kijiji. Likishakuwa pia mlipaji wa mahali watu wanapoulizana ukweli, sijui mkulima atabaki na pa kuuliza wapi.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana haraka. Tangazo hukipa sauti kile kinachouzika, na kisichouzika kinabaki bubu. Mwaka 2017 viwavijeshi wa aina mpya kutoka Amerika waliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza, nao walianzia huku Magharibi, Trans Nzoia ikiwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kushambuliwa. Kila aliyekuwa na chupa ya dawa alikuwa na la kusema. Lakini ilikuwepo mbinu ya vuta-sukuma, ambayo watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walianza kuijaribu katika mashamba ya wakulima miaka ya 1990, Trans Nzoia ikiwa mojawapo ya sehemu za mwanzo. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi imfukuze nondo, na nyasi ya malisho pembeni imvute nje. Ilibuniwa kwa ajili ya vipekecha-shina na kiduha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu mashamba ya wakulima 250 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba palipopandwa hivyo idadi ya viwavijeshi kwenye mmea ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mbegu ya desmodiamu ukishaipata na kuitunza, humrudii muuzaji kila msimu, na vipandikizi unampa jirani. Nani atalipa tangazo la kitu kama hicho? Habari yake husafiri kwa njia moja tu, mkulima kumwambia mkulima, na njia hiyo ndiyo tangazo huiziba.

Mfano wa jinsi njia inavyoweza kupinda upo. Wefarm ilianza kama mradi wa shirika la hisani la wazalishaji lililohusiana na kampuni ya kahawa ya Cafédirect ya Uingereza. Mkulima mwenye kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti, alituma swali kwa ujumbe mfupi bila malipo, hata kwa Kiswahili, na wakulima wengine wakamjibu. Wazo lilikuwa zuri na watu walilipenda. Mwaka 2015 likawa kampuni. Mwaka 2019, likiwa na wanachama zaidi ya milioni moja, lilipata dola milioni 13 kutoka kwa wawekezaji, na mwelekeo ukawa soko la pembejeo ndani ya mtandao huo huo wa maswali. Siwalaumu, kwa maana mamilioni ya ujumbe wa bure lazima yalipiwe na mtu. Ila tazama mahali hesabu ilipowafikisha: walipotafuta fedha za kulipia swali la mkulima, mlango uliokuwa wazi ulikuwa wa kumuuzia kitu yule yule anayeuliza.

Hapo mwenye kundi anayetaka kulikinga hukurupuka na kupiga marufuku kila biashara. Nimeona makundi yakifa kwa sheria hiyo. Mwanachama wa Saboti mwenye miche ya parachichi, mama wa Chwele mwenye vitunguu vya kupeleka sokoni, kijana wa Webuye anayetafuta broka asiyemwibia kwenye gunia: ukiwanyima nafasi ya kusema wana nini, umewanyima sababu ya kuwa hapo. Kuuza ni sehemu ya maongezi ya wakulima na haijawahi kuwa vinginevyo. Msumeno upite kwingine. Mwanachama aruhusiwe kutaja mali yake mwenyewe, kwa jina lake, mahali palipotengwa, na wenzake waruhusiwe kumjibu hadharani kwamba miche ya mwaka jana ilikauka. Kinachokatazwa ni mtu kulipia nafasi, au kulipia isijibiwe. Na kuna sharti ambalo ningeliweka juu ya yote: afisa wa kilimo, mtafiti au mwalimu anayependekeza dawa huku ana hisa katika agroveti aseme hivyo katika sentensi hiyo hiyo. Akisema, ushauri wake bado una thamani. Akinyamaza na ikajulikana baadaye, kila ushauri uliowahi kutolewa na kila mtu pale unaanza kushukiwa.

Basi pesa itoke wapi? Kabla ya hapo tujue ni pesa ngapi, maana watu huogopa gharama ambayo hawajaikokotoa. Kompyuta ya kukodi ya kuhifadhi mijadala ya wanachama elfu moja hupatikana kwa dola 12 hivi kwa mwezi. Kwa dola moja kuwa shilingi 129, hiyo ni kama 18,600 kwa mwaka. Programu ya kuendeshea mijadala ipo ya bure, inayoruhusu kila mtu kuitumia na kuirekebisha. Anwani ya mtandao yenye mwisho wa .or.ke haizidi shilingi elfu chache. Kwa wenye kabambe, ujumbe mmoja wa muhtasari kila wiki kwa watu elfu moja, tukiukadiria shilingi moja kila mmoja, ni 52,000 kwa mwaka. Mpaka hapo hatujafika hata 80,000. Ongeza wasimamizi wawili wa muda wa ziada, kila mmoja 8,000 kwa mwezi, na hapo ndipo mzigo unapoonekana: 192,000. Karibu robo tatu ya bajeti yote ni malipo ya watu wawili wanaosoma, wanaopatanisha na wanaofuta.

Kwa kawaida fungu hilo haliandikwi popote. Huchukuliwa kwamba fulani atafanya kwa kujitolea, na fulani hufanya kweli, miezi sita, mwaka, mpaka siku anapofiwa, anapopata kazi Eldoret, au anapochoka kutukanwa saa tano za usiku na watu wasiomlipa. Baada ya hapo kundi linajaa matangazo ya biashara ya sarafu za kigeni, mikopo ya haraka na dawa za nguvu. Hakuna aliyeamua kuyakaribisha. Yaliingia kwa sababu mlangoni hapakuwa na mtu. Kundi lisilomlipa msimamizi litapata matangazo hata kama katiba yake inayakataza.

Na kazi yenyewe si ya kufuta viungo vya matapeli tu. Makundi ya huku hugeuka kamati za matanga, na mwombe Mungu usiwe admini wa kuamua ni msiba wa nani unaostahili kuchangiwa na kundi la watu elfu moja. Uamuzi wangu ni mkali: michango ya misiba na mahari ina makundi yake, ya ukoo na ya kanisa, na iachwe huko. Halafu kuna siasa. Trans Nzoia ni kaunti ya makabila mengi na ya ardhi yenye historia chungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uwanja wa maonyesho wa Kitale ulikuwa kambi ya waliofukuzwa makwao, na Mlima Elgon ulikuwa tayari unawaka. Wakati huo huo, David Kobia, Mkenya aliyekuwa Marekani, aliyekuwa akiendesha mtandao wa majadiliano wa Mashada, alilazimika kuufunga Januari 2008 kwa sababu chuki ilikuwa imeshinda uwezo wa kuisimamia. Akafungua mahali pengine pa watu kujitambulisha kuwa hawana kabila, kisha akajiunga na waliojenga Ushahidi, jukwaa la kuripoti ghasia hizo. Watu hukumbuka Ushahidi na kusahau kufungwa kwa Mashada, ilhali kwa mwendeshaji wa jumuiya hilo la pili lina mafunzo zaidi. Sheria nayo haimwachi admini. Julai 2017 Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, NCIC, zilitoa mwongozo uliowabebesha wasimamizi wa makurasa na makundi wajibu wa kudhibiti chuki, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018 ikagusa pia uongo unaosambazwa. Kumtaka mtu abebe hayo bure ni kumdhulumu.

Kuhusu njia ya kuchanga, harambee sioni kama inafaa. Harambee inajua kuezeka darasa: siku moja, mgeni wa heshima, bahasha, makofi, na mabati yanaonekana. Haijui kulipa 16,000 kila mwisho wa mwezi kwa kitu kisichopigiwa picha. Zaidi ya hayo, mgeni wa heshima huwa ana jambo lake, na mwaka wa uchaguzi ukikaribia jambo hilo hujulikana. Kinachoendana na kazi hii ni mwendo wa chama cha kuchangiana, ule ambao wanawake wa Bungoma wameuendesha miaka mingi bila kuhitaji semina. Shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho M-Pesa haikati ada ya kukituma. Wakilipa wanachama 250 kati ya elfu moja, ni 300,000 kwa mwaka, na bajeti niliyotaja inatosha na akiba kidogo. Wakilipa 100 tu, ni 120,000, na lazima uchague kati ya ujumbe wa kabambe na msimamizi mmoja. Mimi ningebaki na msimamizi. Wasiolipa waendelee kusoma na kuuliza kama wengine. Ukifunga mlango kwa asiyekuwa na mia, umewafungia wale wale waliouziwa mchanga.

Ugumu wa mia hiyo hautokani na umaskini peke yake. Watu wa huku wamechanga na kuibiwa mara nyingi. Pesa ikienda kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenyekiti, wataacha kutuma kabla ya mwezi wa tatu, na watakuwa na haki. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inaruhusu watu kumi kujisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii, na kikundi kikapata uwezo wa kufungua akaunti ya benki kwa jina lake, yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kwa ukubwa huu hiyo inatosha. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, ni koti kubwa, na kulivaa mapema ni kutafuta ada na ripoti kabla ya kuwa na kazi.

Namna ya kusoma hesabu na kufanya maamuzi haina haja ya kuagizwa ng'ambo. Waquaker, ambao huku tunawaita Friends, waliingia Kaimosi mwaka 1902 na wakaenea mpaka Lugulu na vijiji vingi vya Bungoma. Mikutano yao ya shughuli, kwa desturi yao ya asili, haipigi kura. Karani husikiliza, huandika pale pale kile anachoona kikao kimefikia, hukisoma kwa sauti, na kama kuna anayeona hakikuandikwa sawa husema kabla ya kusonga mbele. Mkutano wenyewe ukikwama, jambo linaahirishwa. Kuna wanaoona utaratibu huu ni wa polepole mno kwa mtandao, na kweli, tapeli hafukuzwi kwa kikao. Lakini kwa maamuzi makubwa, kama vile kubadili kanuni ya matangazo, kupokea ufadhili au kumfukuza mwanachama wa miaka mitano, uamuzi ulioandikwa mbele ya watu na kusomwa hupunguza ule unung'unikaji wa kwamba maadmini walikutana chemba. Matumizi ya kila mwezi yasomwe hivyo hivyo, mpaka shilingi ya mwisho, hata kama ni aibu.

Ufadhili je? Shirika likija na mradi wa miaka mitatu, pokea kwa tahadhari ile ile unayomwekea muuza mbolea. Mfadhili hatakwambia ufute picha. Atakutaka uhesabu wanawake na vijana, uongeze wanachama kutoka elfu moja hadi elfu ishirini, na uzungumzie mada ya mwaka huo. Ukifika mwaka wa nne una kundi kubwa usiloweza kulisimamia na wasimamizi waliozoea mshahara usiokuwepo tena. Pesa ya mfadhili inafaa kwa kitu kinachoisha: kuhamisha kumbukumbu, kufundisha wasimamizi, kulipa mwanasheria. Mshahara wa kila mwezi utoke kwenye zile mia mia. Wanaodhani matangazo yenyewe ni mapato ya uhakika wakumbuke MetaFilter ya Marekani, jumuiya ya majadiliano iliyoheshimika, iliyoachisha kazi baadhi ya wasimamizi wake mwaka 2014 baada ya mapato ya matangazo kuporomoka kwa sababu ya mabadiliko ya Google ambayo hakuna mwanachama aliyeulizwa. Kilichoibakiza hai ni michango ya wanachama.

Kutokuwa na matangazo kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Anayeuza matangazo analazimika kujua wewe ni nani, una ekari ngapi na unapanda nini, kwa kuwa hicho ndicho anachokiuza. Asiyeuza anahitaji namba ya simu na jina la kata, basi. Tanzania imetuonyesha kwa nini hilo ni muhimu. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilitakiwa na polisi kutaja wanachama waliofichua mambo ya makampuni. Mkurugenzi wake, Maxence Melo, alikataa, akafikishwa mahakamani Desemba 2016, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi. Juni 2018 mtandao huo ulizimwa kwa muda kanuni mpya zilipodai leseni, ambayo pamoja na ada zake ilifika takriban shilingi milioni 2.1 za Kitanzania. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na njia rahisi kabisa ya kuitii ni kutokusanya. Mkulima wa Kimilili aliyepiga picha ya mfuko wa mchanga hana haja ya kuandikwa jina lake kamili kwenye jedwali la mtu yeyote.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwangu linapima yote haya. Mwaka 2002 waandishi wa Wikipedia ya Kihispania walisikia kwamba huenda siku moja matangazo yakawekwa. Hayakuwa yamewekwa, yalikuwa maneno tu. Wengi wao waliondoka na maandishi yote, wakaanzisha kamusi elezo yao kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Sevilla. Waliweza kwa sababu maandishi yalikuwa na leseni inayomruhusu yeyote kuyachukua, na programu vilevile. Wikipedia haijawahi kuweka matangazo tangu hapo, na naamini kuhama kule kulichangia kuliko tamko lolote la waanzilishi.

Makundi yetu mengi hayana uwezo huo wa kuhama na maandishi yao. Yako WhatsApp, yenye kikomo cha watu 1,024, ambako swali lililojibiwa vizuri Jumatatu linaulizwa tena Alhamisi kwa sababu hakuna anayeweza kulipata kwa urahisi. Simu zenye kumbukumbu zikipotea bila nakala, miaka minne ya maarifa ya viwavijeshi inaenda nazo. Na Juni 2025 wenye WhatsApp, kampuni ya Meta, walitangaza kuanza kuweka matangazo katika sehemu ya taarifa za hali na chaneli. Mazungumzo ya makundi hayajaguswa, lakini mwenye nyumba ni yeye na hatutaulizwa. Sisemi watu wahame kesho. Wakulima wako pale kwa sababu bando la WhatsApp ni rahisi na kila mtu analijua, na anayefungua mahali pengine papya bila kulijua hilo atazungumza peke yake. Kazi ya kwanza ya msimamizi anayelipwa iwe hii: kila wiki, majibu yaliyothibitika yatolewe kwenye kundi, yaondolewe majina na namba, yaandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka, yapangwe kwa zao na kwa mwezi wa msimu, na yawekwe kwenye ile kompyuta ya dola 12, kwa leseni inayomruhusu mwanachama yeyote kunakili yote. Nakala moja ikae kwa katibu Kitale, nyingine kwa mweka hazina Bungoma. Tuanze na mbolea ya kupandia, kwa sababu Machi ndiyo hiyo inakuja.